Mwanao Anapotaka Kusomea Ngoma

Ndugu mzazi, huenda wewe umo kazini Dar es Salaam na mwanao analelewa na bibi yake Malolo, kule Ruangwa. Mara unapata habari kuwa kijana amemaliza kidato cha nne naye anataka kwenda Bagamoyo kusomea ngoma. Usikimbilie kusema huo ni uhuni. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hutoa stashahada kama vyuo vingine.

Huko Uingereza, shule ya kifalme ya baleti huchukua watoto wa miaka 11, wakaishi bwenini mbali na wazazi wao. Bagamoyo humpokea kijana aliyekwisha kumaliza kidato cha nne. Kwa hiyo, malezi ya mchezaji wetu hubaki nyumbani miaka mingi zaidi, na bibi wa Malolo ana sehemu yake kubwa.

Akiitwa kwenye usaili, usimwandame kwa maswali. Mpe nauli ya kwenda na kurudi, ale vizuri, alale mapema. Akikataliwa, asikute kicheko nyumbani.

Akikubaliwa, ndipo kazi inapoanza. Bingwa wa ngoma za Kimwera atajikuta mwanagenzi katika ngoma za makabila mengine. Tena kuna muziki, maigizo na sarakasi. Akilalamika kuwa goti linamuuma, usimwambie ajikaze; mhimize aende hospitali. Na siku ya onyesho lake, omba ruhusa kazini mapema. Atakutafuta kwa macho miongoni mwa watazamaji.