ANIKA GODORO, USIMWANIKE MTOTO

Kuna mama mmoja mjini, picha zake mtandaoni zinapendwa kinoma. Juzi kati kamtoa mwanae wa miaka 8 nje na godoro kichwani, watoto wa mtaa wakimzomea "kikojozi! kikojozi!" Video akairusha mwenyewe, watu wakacheka mpaka basi.

Sasa cha kuchekesha hapo ni kipi? Dogo alishaacha kukojoa kitandani tangu ana miaka 4. Kaanza tena baada ya baba yake kufungasha mabegi na kuhama. Mtaa mzima unaijua siku ile, mama mwenyewe ndo hajashtuka.

Wadau, kabla ya miaka 5 hili jambo ni la kawaida kabisa. Hata wakifika hapo, kama watoto 15 kati ya 100 bado wanalowanisha. Wengine wanalala fofofo, kibofu kikijaa hawasikii. Wengine wamerithi: baba au mama naye alikuwa hivyo hivyo, leo kajisahaulisha. Hakuna mtoto anayepanga usingizini amkomoe mzazi.

Ila aliyekaa mkavu miezi 6 na zaidi halafu akaanza upya, huyo ana jambo. Inaweza kuwa UTI, kisukari au hata kukosa choo, ndo maana hospitali kwanza. Inaweza pia kuwa la moyoni: wazazi wameachana, mdogo wake kazaliwa, kahamishwa shule, au kuna mtu mzima anamfanyia ubaya na kumtishia asiseme. Mwenye siri kama hiyo ukimchapa na kumwanika, atakuamini saa ngapi akwambie?

Fimbo haikaushi kitanda. Inaongeza hofu, na mtoto anaanza kujiona mchafu, hata kulala kwa bibi yake hataki.

Kinachosaidia hakina gharama. Maji anywe zaidi mchana, usiku yapungue. Aende chooni kabla ya kulala. Tandika nailoni chini ya shuka. Akilowanisha, badilisheni shuka kimya kimya, kisha muulize taratibu moyoni kuna nini. Godoro likakae juani uani, yeye aende zake shule.

Mama ameshaifuta ile video. Kwenye simu za watu bado ipo, na siku moja dogo ataiona.

Mdau, kwako wewe nani alitakiwa kuona aibu pale?