Uliza nambari kabla ya kuuliza bei

Vijana wa Likuyani tukienda kununua matairi, maswali huwa mawili tu: ni pesa ngapi, na gari litakaa aje? Nambari iliyoandikwa ubavuni hakuna anayeiuliza. Huo ni mchezo hatari.

Chukua tairi la 225/65R17 102H, ambalo RAV4 nyingi hutumia. Hiyo 102 ni ya uzito: tairi moja hubeba hadi kilo 850, likiwa na upepo wa kutosha. Sasa muuzaji anakuletea la 215/60R17 96H, ati ni bei poa na linaingia rimu hiyohiyo. Kweli linaingia, lakini mwisho wake ni kilo 710. Kwa matairi mawili ya nyuma umepoteza kilo 280. Hayo ni magunia matatu ya mahindi!

Na huku kwetu magunia si mfano tu. Gari linalopeleka familia kanisani Jumapili ndilo Jumatatu linakunjwa viti, linapakiwa mavuno, kisha linapigwa barabara ya murram hadi Matunda. Tairi likizidiwa hupata joto, na joto ndilo hulipasua.

Lakini tusidanganyane: nambari kubwa haigeuzi gari kuwa lori. Springi na breki zina kikomo chake. Nunua nambari isiyopungua ile ya kitabu cha gari, pima upepo kabla ya kupakia, na mzigo ukizidi, ita pikapu. Kulipa pikapu hakujawahi kuua mtu.