Si Uzee Tu

Safari hii tumekusudia kuzungumzia kiungo ambacho hatukioni wala hatukipapasi, na kwa sababu hiyo tunakisahau mpaka kimeharibika. Kiungo hicho ni ubongo. Tunauzungumzia kwa ajili ya neno moja tunalolisikia karibu kila wiki wodini, na ambalo sisi wauguzi wenyewe tumelitamka mara nyingi mno: "Ni uzee tu."

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa bibi mmoja, mkulima na mjane, mwenye umri wa miaka 70 na ushei. Alikuwa amekutwa usiku wa manane amesimama uani kwa jirani, kanga imemwanguka, hajui amefika wapi. Aliyekulia huku Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa jambo kama hilo hutafsiriwaje. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza akina bibi wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya kuwa na macho mekundu, na wekundu huo umetokana na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote. Bibi yetu huyu aliokolewa na mjukuu wake, aliyemkumbatia mbele ya watu na kukataa kumwachia hadi kulipokucha.

Tulipompima presha ilikuwa 210 kwa 120. Daktari alitueleza kwamba kwa muda mrefu mama huyu amekuwa akipata viharusi vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Havikumpooza mkono wala mguu, lakini kila kimoja kilimega sehemu ya ubongo wake. Kwa hiyo hakuwa mchawi, wala hakuwa mzee tu. Alikuwa mgonjwa.

Linalotuuma ni hili. Kwenye kadi yake ya zamani tulikuta kwamba miaka 4 kabla ya hapo alikuja kwetu na kidonda cha mguu. Mwanawe alikumbuka vizuri siku ile: alituambia kwamba mama siku hizi anasahau sufuria motoni, nasi tukamjibu, "Ni uzee tu, mvumilieni." Tulisafisha kidonda, tukafunga bandeji, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja wetu aliyemfunga mkanda wa presha. Kosa hilo lilikuwa letu, na ndilo lililotusukuma kuandika ukurasa huu.

Kusahau kuko kwa namna mbili. Mtu akisahau jina la jirani kisha likamjia baadaye anapokula, hilo ni la kawaida. Lakini mtu akisahau njia ya kisimani aliyoipita miaka 40, au akauliza jambo lile lile mara tano katika asubuhi moja, au akamshuku mkwewe kuwa anamwibia fedha ambazo amezificha mwenyewe, hapo pana ugonjwa. Wala tusidhani huo ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2010 watafiti walipita katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima karibu wazee 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ilionekana kwamba kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni. Katika parokia yenye wazee 200 wa umri huo, hao ni watu kumi na zaidi, na wengi wao hawajawahi kuonwa na daktari kwa shida hiyo.

Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana. Hata hivyo, mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, yakiwemo presha ya juu, kisukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, hewa chafu, kukaa bila mazoezi na upweke. Walikadiria kwamba kama mambo yote hayo yangeondolewa, karibu nusu ya wagonjwa duniani wasingeupata ugonjwa huo au wangechelewa kuupata. Yasomeni tena mambo hayo. Mengi ni ya jikoni, ya barabarani na ya sebuleni, ambako mganga hafiki.

Ndiyo maana tunaona uchungu tukikuta familia imeuza mbuzi ili inunue vidonge vya "kuongeza kumbukumbu" kutoka kwa kijana mwenye kipaza sauti pale stendi. Wengine huwapa watoto wao vidonge kama hivyo karibu na mtihani wa darasa la saba. Tusemavyo sisi, hiyo ni fedha iliyotupwa. Mbuzi yule angetosha kununua mayai, dagaa na karanga za miezi kadhaa, na mtoto akafanya mtihani tumbo likiwa limeshiba.

Tuanze na presha, maana huyu ndiye mwizi mkubwa, naye huingia bila kubisha hodi. Ubongo ni karibu sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zinazotumika mwili ukiwa umepumzika. Kwa hiyo unahitaji damu nyingi bila kukatika. Presha ikiwa juu miaka mingi, mishipa midogo ya ubongo hukakamaa na kuziba, au hupasuka. Mwenye presha aghalabu haumwi popote. Huo ndio ujanja wake, na ndiyo sababu watu huacha vidonge mara wanapojisikia vizuri. Mama mmoja alitwambia kwamba yeye humeza kimoja "siku kichwa kikigonga." Vidonge vya presha si vya kichwa kugonga, ni vya kila siku.

Na chumvi, akina mama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichofurika. Hiyo ni pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na ile iliyomo ndani ya vile vipande vya kukolezea mchuzi, ambavyo siku hizi vimeingia hata vijijini. Wengi husahau magadi. Tunatia magadi kwenye makande ili yaive upesi na kwenye mlenda ili uteleze, halafu tunaongeza chumvi juu yake. Magadi yana madini yale yale ya chumvi yanayopandisha presha, tena huharibu baadhi ya vitamini za mboga. Loweka mahindi na maharage tangu jioni. Yataiva bila magadi na kuni zitapungua. Tunajua bibi zetu walipika hivyo, lakini wao walikuwa wakitembea kutwa nzima na hawakuwa na vipande vya mchuzi.

Mtatuuliza, je, si ninyi mlioturudishia kila siku kwamba tutumie chumvi yenye madini joto? Naam, ni sisi, na bado tunasema hivyo. Madini joto hujenga ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni, na mama aliyepungukiwa mno anaweza kuzaa mtoto mwenye akili iliyodumaa. Chumvi iwe kidogo, lakini hiyo kidogo iwe yenye madini joto. Iwekwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, na itiwe chakula kinapokaribia kuepuliwa, kwa sababu moto na hewa hupunguza madini hayo.

Kuhusu chakula chenyewe hatuna jipya la ajabu. Wataalamu wanaosifu vyakula vya ubongo hutaja samaki, mboga za kijani, maharage, karanga, matunda na nafaka isiyokobolewa. Tukisoma orodha hiyo tunacheka kidogo, maana ndiyo sahani tuliyokulia: ugali wa dona, dagaa, mchicha au matembele, na papai baada ya chakula. Leo tunaiona sahani hiyo kuwa ya kimaskini. Mgeni akija tunampikia wali mweupe, nyama iliyozama katika mafuta na soda mbili. Dagaa wana mafuta mazuri yanayohitajika na ubongo na mishipa, tena wana vitamini B12, ambayo haimo kabisa katika mboga na nafaka. Mtu aliyepungukiwa nayo hufa ganzi miguuni, hukosa nguvu na huanza kusahau. Nayo hutibika mapema kwa sindano au vidonge. Tunaitaja kwa sababu tumeona wazee wanaopewa uji na chai ya rangi tu, eti hawana meno. Msage dagaa awe unga, umtilie katika uji wake, au umpe yai na maziwa. Wanaotumia kwa miaka mingi vidonge vya kisukari vya metformin wamkumbushe daktari juu ya vitamini hiyo, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waoshwe na kulowekwa kwanza.

Mboga za majani tusizichemshe hadi zigeuke rangi kisha tukamwaga maji yake.

Pombe hatutaisemea sana, mmekwisha kutusikia. Tuseme tu kwamba mnywaji wa kila siku asiyekula hupungukiwa vitamini B1, na ubongo wake unaweza kupata pigo lisilorudi. Gongo ina hatari nyingine juu ya hiyo, kwani mnywaji hajui ndani yake mna nini. Na abiria wa bodaboda wavae kofia ngumu. Vijana tunaowapokea Jumamosi usiku wakiwa na damu masikioni wangepaswa kutuzika sisi, lakini baadhi yao hurudi nyumbani hawajui tena kufunga vifungo vya shati.

Kwa watoto, chandarua ni kinga ya ubongo pia. Degedege linalokuja na homa si pepo wala ndege apitaye juu ya nyumba. Huenda ni malaria iliyofika kichwani, na saa mbili zinazopotea kwa kuchanja chale zinaweza kuwa ndizo akili ya mtoto huyo. Nguruwe nao wafungiwe, na choo kitumike. Nyama yenye vifuko vya tegu isipoiva humpa mlaji tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, na yakifika kwenye mboga au mikono isiyonawiwa, humwingia mwingine, naye anaweza hata kuwa hali nguruwe kabisa. Vifuko vikijijenga ubongoni mwake huleta kifafa. Kifafa hicho nacho tunakiita kurogwa.

Jambo ambalo tungependa tulikazie kuliko watu wanavyotarajia ni mazungumzo. Ubongo usioongea na mtu hulegea. Tumeanza desturi mbaya ya kumpokonya mzee kazi zote kwa heshima: asichambue maharage, asilishe kuku, asiende jumuiya kwa sababu ni mbali. Anakaa kwenye kiti tangu asubuhi akitazama ukuta. Mwache achambue, hata kama changarawe mbili zitabaki. Mwulize habari za mashamba ya zamani na nani alimwoa nani. Mwombe awafundishe wajukuu vitendawili. Atembee hadi kwa jirani kila siku, akiwa na mtu wa kumsindikiza ikiwa njia inampotea. Na usiku alale. Redio na simu zizimwe mapema.

Kabla hamjasema mzee amechanganyikiwa, angalieni kama anasikia. Babu mmoja aliletwa na wanawe watatu wakiwa wameshakubaliana nyumbani kwamba akili imekwisha, kwa kuwa hujibu mambo yasiyoulizwa. Tuliangalia masikio yake. Yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta, ngumu kama gome. Tulilainisha kwa matone siku kadhaa, kisha tukasafisha. Neno lake la kwanza lilikuwa kuwauliza wanawe kwa nini wanapiga kelele hospitalini. Baadaye akauliza habari za ng'ombe wawili waliouzwa bila yeye kushauriwa, na hapo wale vijana walitazama chini. (Nyumbani msichokonoe masikio kwa njiti; njooni.)

Yule bibi wa mwanzo hakupona. Viharusi vilivyokwisha kumega havirudishi. Lakini presha yake ilishuka kwa vidonge na kwa mchuzi usio na magadi, na aliishi miaka 3 zaidi nyumbani kwake. Mjukuu alifunga kengele ya mbuzi mlangoni ili asikie bibi akitoka usiku, na majirani walipoelezwa ugonjwa wake wakawa ndio wanaomrudisha.

Mnapomleta mzazi kwetu, awe na kidonda, kikohozi au jino, mwambieni muuguzi ampime na presha. Kama tuna haraka, tukawaambia mje siku nyingine, msiondoke. Kaeni pale pale kwenye benchi mpaka tumfunge mkanda.