Ulinzi Usio na Masharti ni Zawadi kwa Wenye Viwanda

Kila bajeti ya Kenya inapokaribia, wimbo huwa ule ule: magari makuukuu ya Japani ndiyo yaliyotunyima gari letu wenyewe, basi yapandishiwe ushuru nasi tutaliunda. Wanafunzi wangu huuleta wimbo huo darasani wakiitaja Korea Kusini kama ushahidi. Korea ililinda viwanda vyake, mwalimu. Mbona sisi tusilinde?

Ni kweli ililinda. Sheria ya mwaka 1962 iliyafungia mlango magari ya nje, na yale ya Japani hayakuruhusiwa hadi mwaka 1999. Wanaotuhubiria kwamba soko huria pekee ndilo hujenga viwanda hawana jibu kwa Hyundai.

Lakini wanafunzi wangu wamesoma nusu ya kisa. Benki zilizotoa mikopo nafuu zilikuwa mikononi mwa serikali, na mikopo iliwafuata waliouza nje. Hyundai ilianza kuunda Pony mwaka 1975, kwa injini ya Mitsubishi. Mwaka uliofuata gari hilo lilikuwa likiuzwa Ecuador, ambako hapakuwa na waziri wa Seoul wa kumlazimisha mtu alinunue. Mwaka 1981, soko lilipoonekana kuwa dogo mno, serikali iliiamuru Kia iache magari madogo ya abiria ibaki na malori. Iliruhusiwa kuyarudia mwaka 1987. (Siutamani utawala wa kijeshi uliotoa amri hiyo, wala jinsi ulivyowakandamiza wafanyakazi. Nazungumzia masharti tu.)

Sisi je? Tangu miaka ya 1970 tuna viwanda vya kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa. Vifaa vya gari lisilounganishwa huingia bila ushuru wa forodha, ilhali gari lililokamilika hutozwa. Naomba nionyeshwe kampuni moja iliyonyang'anywa nafuu hiyo kwa sababu ilishindwa kuuza nje. Ulinzi wetu hauna tarehe ya mwisho, na usio na mwisho humlea mtoto asitambae.

Watu hupenda kuicheka Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari, hata kama lingekuwa baya na la mwendo wa pole; mwaka 1990 likazinduliwa Kasarani. Mimi siwacheki wahandisi wale, kwa kuwa magari yao yalitembea. Kilichokosekana ni mtaji wa kuyaunda kwa wingi, na mnunuzi. Serikali iliyoliagiza ndiyo ingepaswa kuwa mnunuzi wa kwanza, lakini wakubwa wake waliendelea kubebwa na magari ya Ulaya.

Ushuru unapopanda, anayelipa si Mjapani. Ni mwalimu aliyekopa kwenye sacco ili anunue gari linalokaribia miaka minane, umri ambao sheria yetu hauruhusu kuvukwa. Ni abiria anayeongezewa nauli. Fedha hizo hutoka mifukoni mwao na kuishia kwa wenye hisa, nasi tunaambiwa huo ndio uzalendo.

Na kiwanda kinachostahili msaada tunacho tayari, ila hakina wa kukisemea bungeni. Ni mafundi wanaoyavisha mabodi malori, mabasi na matatu: wanaokata mabati, kuchomelea vyuma, kushona viti. Hapo mna ujuzi wa kweli na ajira ya kweli, na karibu hakuna anayewaza kuwapa mikopo ya mashine au maabara ya kupimia usalama wa kazi yao.

Basi Hazina, kabla ya kupandisha ushuru tena, iuchapishe mkataba tuusome sote: kila kampuni itatumia vipuri vya nchini kwa kiasi gani, kufikia mwaka gani, itauza magari mangapi nje ya mipaka, na itarudisha nini ikishindwa. Na orodha ya magari ya mawaziri iambatishwe hapo hapo.