Nani Huamua Maana ya ‘Rafiki’ Ndani ya Tarakilishi?

Miongoni mwa data zinazoambatana na programu ya UCINET, ambayo wasomi wa nchi nyingi huitumia kuchanganua mitandao ya kijamii, wamo wafanyakazi 39 wa karakana ya ushonaji nchini Zambia. Mwanaanthropolojia Bruce Kapferer aliwachunguza kwa miezi kumi walipokuwa wakidai nyongeza ya mishahara, na utafiti wake ukachapishwa mwaka wa 1972. Mahusiano yao yamegeuzwa kuwa majedwali ya sufuri na moja: moja palipo na uhusiano, sufuri pasipo na uhusiano. Majedwali ya awamu ya kwanza yanatangulia mgomo ulioambulia patupu, na ya awamu ya pili yanatangulia mgomo uliofaulu. Baina ya awamu hizo viungo viliongezeka. Mwanafunzi aliye mbali kabisa na Zambia anaweza kuuona mshikamano huo ukijengeka kwenye kioo cha tarakilishi yake. Asichoweza kukiona katika majedwali hayo ni maneno ambayo wafanyakazi wenyewe waliitana.

Ifahamike kwamba mtandao wa kijamii unaozungumziwa hapa si Facebook wala ndugu zake. Dhana hii ni kongwe kuliko intaneti. J. A. Barnes aliitumia mwaka wa 1954 kuelezea mahusiano ya wakazi wa parokia moja ya wavuvi nchini Norwei.

Katika majedwali ya karakana ile, msaada wa kikazi una mwelekeo: fulani humsaidia fulani, na si lazima asaidiwe naye. Urafiki, kwa upande mwingine, umeandikwa kuwa wa pande mbili daima. Huo ni uamuzi wa kisemantiki uliovishwa vazi la hesabu. Mzungumzaji wa Kiswahili ana rafiki, sahibu, mwandani, mwenzi, somo na mtani, na mahusiano hayo hayalingani uzito wala mwelekeo. Mtani anaweza kumtania mtu hata msibani, jambo ambalo mwandani hathubutu. Hojaji inayouliza tu “rafiki zako ni akina nani?” huwatia wote katika kapu moja, na programu hupokea kapu hilo bila kulalamika.

Wapo watakaodai kwamba hesabu haina lugha, hivyo uundaji wa programu uachiwe wanatakwimu. Dai hilo lina ukweli wake. Mbinu za kawaida za takwimu huchukulia kwamba jibu la mtu mmoja halitegemei la mwenzake, ilhali katika mtandao kila kiungo huathiri kingine: rafiki wa rafiki aghalabu huwa rafiki. Ndiyo maana programu kama statnet, iliyoundwa juu ya lugha ya R, huifanya tarakilishi izalishe maelfu ya mitandao ya kubuni na kuilinganisha na mtandao halisi. Kazi hiyo haimhitaji mshairi.

Hata hivyo, historia ya mbinu hizo yenyewe inalidhoofisha dai hilo. Modeli za awali zilikuwa na kasoro kubwa: mara nyingi mitandao ya kubuni ilitoka ama tupu kabisa ama imejaa viungo kila mahali. Mwaka wa 2006 Tom Snijders na wenzake walipendekeza suluhisho. Kwa ufupi, rafiki wa kwanza ambaye watu wawili wanashirikiana husukuma sana uwezekano wa wao kuwa marafiki, wa pili husukuma kidogo, wa tatu kidogo zaidi. Hesabu ilitulia. Lakini kanuni hiyo pia ni kauli kuhusu binadamu, na inafaa iulizwe kama inasadifu mahusiano ya ukoo au ya utani, ambako kiungo hurithiwa badala ya kuchaguliwa. Swali hilo halitazuka lenyewe katika idara ya hisabati.

Kizingiti si fedha, kwa kuwa R na statnet hupatikana bure na msimbo wake u wazi kwa yeyote. Wala si udogo wa lugha. Pajek, programu iliyoanza kuundwa mwaka wa 1996 na Vladimir Batagelj na Andrej Mrvar wa Ljubljana, ina jina la Kislovenia lenye maana ya buibui, na wasemaji wa Kislovenia ni takriban milioni mbili tu! Kizingiti ni desturi ya vyuo: makala huhesabiwa msomi anapopandishwa cheo, ilhali programu mara nyingi huonekana kama kazi ya fundi. Waundaji wa statnet waliikwepa dhana hiyo mwaka wa 2008 kwa kuichapishia programu yao makala katika Journal of Statistical Software, ikawa inanukuliwa sawa na kitabu.

Idara za Kiswahili zina pa kuanzia, nako ni malumbano ya washairi katika magazeti. Mshairi huuliza, mwingine humjibu, wa tatu hudakia. Huo ni mtandao wenye tarehe na mwelekeo. Ila ni nani atakayeamua kwamba beti fulani ni jibu? Anayetaja jina la mlengwa ni rahisi kumtambua. Anayejibu kwa fumbo, kwa kuazima vina vya mwenzake bila kumtaja, humponyoka mwanatakwimu kabisa. Mwanafunzi wa ushairi na mwanafunzi wa takwimu, wakisimamiwa kwa pamoja, wanaweza kuunda kifurushi cha R cha kazi hiyo. Kando ya kila sufuri na moja pawe na safu ya kuhifadhi maneno yenyewe yaliyosababisha tarakimu hiyo kuandikwa, ili atakayekuja baadaye na kupinga uamuzi huo awe na cha kusoma.