Kule Nitmiluk mgeni anajua amelala kwa nani

Ninyi mnaosoma haya mkiwa chini ya hema: kuna watu duniani wanaolipa pesa ili walale nje. Najua mtacheka. Kule Australia mtu hufunga nyuma ya gari lake nyumba ndogo ya magurudumu, wanayoiita karavani, yenye kitanda na jiko ndani, akatembea na familia yake majuma mazima. Wengi hufika Nitmiluk, karibu na mji wa Katherine, kaskazini mwa nchi. Hapo mto umekata mwamba na kutengeneza korongo refu lenye kuta ndefu na michoro ya wazee wa zamani. Wakati wa kiangazi maji yakipungua, mawe hujitokeza na kuligawa korongo vipande 13. Mgeni hushuka mashuani, anavuka mawe kwa miguu, anapanda mashua nyingine mbele.

Lakini mawe mazuri hata kwetu hayakosekani. Ninataka kusema juu ya mwenye mahali.

Mwenye mahali ni Wajawoyn, wenyeji asilia wa pale. Nitmiluk ni jina lao, maana yake mahali pa nyenze. Wanasimulia kwamba Nabilil, kiumbe mkubwa wa nyakati za mwanzo, alipofika mlangoni mwa korongo alisikia nyenze wakilia "nit, nit, nit", ndipo akapaita hivyo. Na kampuni ya mashua ni ya Wajawoyn wenyewe, pamoja na kiwanja cha karavani. Mgeni akilipa usiku mmoja, pesa inaingia kwa mwenye ardhi.

Haikuja kwa huruma. Sheria ya ardhi ya wenyeji ilitoka mwaka 1976. Mwaka 1978 Wajawoyn wakapeleka madai yao, na wakaaji wengine wa Katherine wakapinga kwa nguvu, wakiogopa kufungiwa korongo. Madai yalichukua miaka 11. Mwaka 1989 walipokea hati yao, kwa sharti la kuikodisha ardhi kwa serikali miaka 99 ili ibaki hifadhi. Sharti hilo mimi halinifurahishi: mtu anarudishiwa nyumba yake na siku hiyo hiyo anatakiwa kuipangisha. Hata hivyo, kwenye baraza la kuongoza hifadhi, Wajawoyn ndio wengi. Na korongo halikufungwa. Karavani zingali zinakuja.

Sasa turudi nyumbani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Batwa waliokuwa wakiishi msituni wakafukuzwa bila kulipwa. Kwa hiyo hao nao ni wahamishwa, hata kama hawakukimbia risasi. Leo watoto wao wanaishi pembeni ya mashamba ya watu wengine, hawana kipande cha ardhi, na msitu wa babu zao wanautazama kwa mbali.

Kuna watakaoniambia: Batwa walipoingia tena msituni mwaka 2018, miti ilikatwa ikawa makala. Ni kweli, ilikatwa, na si kwa mikono yao peke yao. Lakini mtu asiye na hati, anayejua kesho atafukuzwa tena, utamwomba autunzie nani ule mti? Nitmiluk hati ilikuja kwanza, hata sharti la hifadhi likaandikwa juu ya ardhi ambayo tayari ina mwenyewe. Kwetu tumeanza na bunduki ya mlinzi.

Karatasi hazikosekani. Tuna sheria ya Julai 2022 inayolinda haki za watu asilia Pygmée. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba serikali yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, ikataka warudishiwe ardhi yao.

Najua vita ipo, na mkubwa yeyote atasema wakati wake haujafika. Mimi ninaomba jambo lisilongoja vita iishe: uamuzi ule usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na Mashi, mbele ya Batwa wa Kabare na Kalehe, na nakala iachwe mikononi mwa wazee wao. Redio ziko. Hata saa moja ya jioni inatosha.