Daftari kuukuu la mvua ni mtaji wa mkulima

KILA mwishoni mwa mwaka, mkulima wa Kihesa, Iringa, hujiuliza: apande mahindi ya muda mrefu au mfupi? Mvua ya msimu uliopita haitoshi kumjibu. Wastani wa hali ya hewa huhesabiwa kwa miaka 30.

Pale ambapo vipimo havikuwapo, maandishi husaidia. Mwaka 1876 Henry Stanley aliukuta mto Lukuga, njia ya maji ya Ziwa Tanganyika, umezibwa na matope na matete. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore aliukuta ukienda kasi: ziwa lilikuwa limejaa na kufurika. Kwa kumbukumbu za aina hiyo, Sharon Nicholson wa Marekani amefuatilia mvua za Afrika karne ya 19.

Tahadhari ipo. Mgeni huweza kuita kiangazi cha kawaida ukame, hivyo shahidi mmoja hatoshi.

Bima ya mazao hupangiwa bei kwa kuangalia misimu mibaya iliyopita. Misheni na mashamba ya zamani yenye madaftari ya mvua yaruhusu yanakiliwe, kabla mchwa hawajayamaliza.